Mchango wa Kasmiri Bluzi

Nyumba ya Kasmiri iliungua mchana wa Jumanne, jua kali, watu tuko macho, na ziwa tunaliona pale chini. Hata hivyo tulishindwa kuizima. Hicho ndicho kilichotushangaza kwanza. Mengine yalikuja baadaye.

Mimi ni Nyangi. Nilikuwa jirani yao pale Nyasho, Musoma, na kwa miaka mingi niliimba nyuma ya gitaa lake huku nikitikisa kayamba. Haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu.

Kasmiri Masatu alizaliwa upande wa Majita, kwa wavuvi. Ujanani alimpikia padri mmoja Mmarekani aliyekuwa na santuri za watu weusi wa kwao. Kasmiri alikuwa akiosha sufuria huku masikio yako sebuleni. Padri akamwambia muziki ule unaitwa bluzi. Basi alipopata gitaa lake mwenyewe hakupiga rumba kama wenzake. Alipiga polepole, kama mtu anayetembea na mwiba mguuni, akaimba kwa Kijita na Kiswahili juu ya muhogo uliooza shambani, juu ya mwanamke aliyepanda meli hakurudi, juu ya foleni ya sukari. Wimbo wa foleni ulimfanya aitwe ofisi ya chama akaulizwe maana yake. Alirudi akacheka: "Nimewaambia maana yake ni sukari."

Watu walimwita Kasmiri Bluzi. Harusi, kipaimara, matanga, kote alialikwa, Musoma mpaka Bunda, hata Buhemba kwa wachimba dhahabu.

Mkewe, Gati, alikuwa Mkurya, mrefu, wa maneno machache. Ndugu wa mume hawakumpenda tangu siku ya kwanza. Walisema hakai na watu, na kwamba alizaa mtoto mmoja tu, tena wa kike, aliyekwenda kuolewa Mwanza. Kaka mkubwa wa Kasmiri, Bernado, hakuwahi kumwita shemeji. Alimwita "huyo".

Mwaka wenyewe ulikuwa themanini na nne. Waliokuwepo wanaujua. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Petroli ilitoka kwa kibali, na ukikutwa umeificha unaitwa mhujumu uchumi. Mwaka uliotangulia wengi walikuwa wamesombwa kwa makosa ya namna hiyo, na woga ulikuwa bado haujatutoka. Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kulegeza, ikaruhusu wenye uwezo walete bidhaa kutoka nje, ila madukani tulikuwa bado tunaona rafu tupu.

Nyuma ya nyumba ya Kasmiri kulikuwa na stoo ndogo, imeungana na jiko. Aliipangisha kwa rafiki yake wa utotoni, Pastory, aliyekuwa na pikapu ya kupeleka samaki na dagaa Bunda. Pastory aliweka magunia ya dagaa mle ndani na kufuli lake mlangoni. Hakuna aliyejali. Dagaa ni dagaa.

Siku hiyo Gati aliwasha jiko la mkaa mahali pake pa siku zote, penye ukuta wa stoo, akabandika maharage, akachukua ndoo kwenda bombani. Mimi nilikuwa uani kwangu naanika nguo. Nikasikia mlio, kama tairi la lori limepasuka. Nilipogeuka, stoo haikuwa na paa. Moto ulikuwa umesimama wima, una rangi ya machungwa, na ndani yake magunia yalikuwa yanaruka.

Tulikimbia na ndoo, na sufuria, na beseni za kuogeshea watoto. Tulimwaga maji, na maji yaliposhuka ardhini moto ulishuka nayo, ukapita juu yake, ukatufuata miguuni. Mama mmoja alitupa ndoo akaanza kusali. Sikuwa nimewahi kuona moto unaopanda maji. Tukaambiana ni mafuta ya dagaa, maana harufu ya dagaa wanaoungua ilikuwa imefunika kila kitu. Mtu akishikwa na bumbuwazi hukubali jibu la kwanza analopewa.

Kasmiri alikuja mbio kutoka sokoni. Tulidhani anamtafuta Gati, tukapiga kelele, "Hayumo! Yuko bombani!" Hakusikia, au alisikia. Aliingia. Alipotoka alikuwa amekumbatia gitaa linalowaka, mkono wa kushoto umeshika shingo ya gitaa pale pale anapobonyezaga nyuzi. Ilibidi Abdulkadiri, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ampige kwenye kiwiko ndipo aliachie. Ngozi ya vidole ilibaki kwenye mti.

Gati alirudi na ndoo kichwani. Alisimama. Hakuishusha ile ndoo. Nilimwendea nikamtua mimi.

Kabla majivu hayajapoa Bernado alikuwa ameshafika na neno lake. "Huyo ndiye kachoma. Kawasha jiko kaondoka. Mwanamke gani anaachaga moto peke yake?"

"Kila siku nawasha pale," Gati alisema. "Kila siku."

"Na leo umetuunguza."

Pastory naye alikuja jioni ile, akafukua majivu ya stoo kwa koleo yeye mwenyewe, akatuambia anatafuta kama kuna dagaa waliopona. Tulimwonea huruma.

Hospitali Kasmiri alilala wiki kadhaa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikatwa, na vile vilivyobaki vikajikunja kama kucha za ndege. Gati alikuwa akimpelekea uji. Ndugu wa mume walimkuta pale wakamtukana mbele ya wagonjwa, na Kasmiri alikuwa akiangalia ukuta. Hakusema waacheni. Sisi tukadhani ni maumivu. Gati alivumilia, halafu siku moja akaja kwangu na kanga yake moja aliyosalia nayo, akaniambia, "Dada Nyangi, nakwenda kwa kaka yangu Bunda. Hata yeye anaamini ni mimi. Na mimi mwenyewe nimeanza kuamini."

Wazo la mchango lilikuwa la Abdulkadiri. Alikuwa Mwislamu, mtu wa baraza, na alikuwa hajawahi kuingia baa hata mara moja, lakini muziki wa Kasmiri ulimfikia dirishani kila Jumamosi na alizoea kushona kwa mwendo wake. "Huyu mtu katuliza wafiwa wa dini zote," alisema. "Leo kafiwa na nyumba. Tukae tu?"

Hatukukaa. Tuliomba ukumbi wa jamii. Mkewe Abdulkadiri, bibi Kudura, na mimi tulipita nyumba kwa nyumba. Wakati ule fedha hazikununua kitu, kwa hiyo tuliomba vitu vyenyewe. Nilichokiona katika ile mizunguko sijakiona tena. Mama mmoja wa Iringo alipanda juu ya paa la jiko lake mwenyewe, akang'oa bati moja, akatukabidhi likiwa na matundu ya misumari. "Jiko litanyeshewa upande mmoja," alisema, "mimi nitahamia upande wa pili." Wavuvi wa Makoko wakaahidi sangara wa kukausha. Kutoka Buswahili ilikuja mihogo gari zima la ng'ombe. Wachimbaji wa Buhemba, ambao hatukuwa hata tumewaomba, walituma gitaa lililopitishwa mpakani Sirari, jipya, bado lina harufu ya vanishi.

Nilimtumia Gati ujumbe Bunda aje. Sikumwambia Bernado.

Jumamosi ya mchango, miezi kadhaa baada ya moto, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kasmiri alikaa mbele kwenye kiti cha mikono, amevaa shati alilolishona Abdulkadiri, mkono wa kushoto ameufunika kwa leso. Bernado ndiye aliyekuwa mshereheshaji; ni haki ya kaka mkubwa, na ulimi alikuwa nao. Kila aliyeleta kitu alitajwa, vigelegele vikapigwa. Lile bati lenye matundu lilipopita, watu walisimama wote.

Gati aliingia katikati ya vigelegele hivyo. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilimwona, nikaona na Kasmiri amemwona. Mume aliinamisha kichwa.

Halafu nje likasikika honi. Pastory aliingiza pikapu yake mpaka kwenye ngazi za ukumbi. Nyuma kulikuwa na mabati mapya, yanametameta, yanatosha kuezeka nyumba nzima na baraza lake, na juu yake mifuko ya saruji. Wakati ule! Watu walitoka nje kwenda kuyagusa. Wanawake walimtandikia kanga apite juu yake kama bwana harusi. Hata mimi nilitandika yangu.

Bernado alimkumbatia, akamgeuza awaangalie watu. "Ndugu zangu," alisema, "hapa duniani kuna watu wa aina mbili. Kuna wanaojenga, kama huyu. Na kuna wanaochoma." Akanyoosha kidole moja kwa moja hadi benchi la mwisho. "Na wengine hawana haya, wanakuja kula sherehe ya moto wao."

Watu walicheka. Sio wote, lakini walicheka. Vichwa vikageuka. Gati hakufunika uso wala hakuondoka. Alikaa vilevile, mikono mapajani, kama mtu aliyeko zamu.

Pastory alimtazama. Nilikuwa karibu na jukwaa, niliona shingo yake ikitoka jasho ghafla, kola ikalowa.

"Si yeye," alisema.

Bernado hakusikia. Alikuwa bado anacheka.

"Bernado, nyamaza. Si yeye." Sasa sauti ilikuwa kubwa. "Mle stoo hamkuwa na dagaa tu. Chini ya magunia kulikuwa na madumu. Petroli. Madumu mengi. Nilikuwa naifichaga pale kwa Kasmiri kwa sababu kwangu walikuwa wananipekua. Dumu moja lilikuwa linavuja, nilijua linavuja, nikasema nitalibadilisha wiki ijayo." Alishika ukingo wa meza. "Yule mama aliwasha jiko lake mahali anapowashaga kila siku. Kosa lake nini? Yale majivu niliyafukua mimi, nikatoa vipande vya madumu, nikavitupa ziwani."

Siwezi kueleza vizuri jinsi ukumbi ulivyokuwa. Nilisikia mtoto ananyonya. Bibi Kudura alikuwa ameshika birika la chai, anamimina, na chai ikajaa kikombe, ikajaa sahani, ikamwagika mezani, na yeye bado anamimina huku anamwangalia Pastory. Katibu wa tawi la chama aliyekaa mstari wa mbele alivua miwani akaivaa tena. Mimi niliiangalia kanga yangu pale chini, na viatu vya yule mtu juu yake.

Bernado ndiye aliyesema kwanza, tena kwa sauti ndogo isiyo yake. "Wewe umekula kwangu Krismasi."

"Nimekula," Pastory alisema. Akakaa chini sakafuni, mbele ya mabati yake, kama mtoto aliyechoka.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mshtuko. Wote tulidhani hivyo. Wanaume wawili walikuwa wameanza kusogea kwa Pastory, na Abdulkadiri amewazuia kwa mikono, "Msimguse, msimguse mtu hapa ndani," pale Gati alipoinuka. Alipita katikati ya mabenchi. Watu walimpisha kama wanavyopisha jeneza. Hakumtazama Pastory hata kidogo. Alikwenda akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Dafroza," alisema, kwa jina la binti yao. "Wewe uliingia ndani."

Kasmiri aliivuta leso ifunike mkono wake vizuri.

"Mimi nilikuwa bombani. Hawa walikuwa nje. Wewe uliingia mle ndani ya moto. Petroli inanuka. Ulisikia harufu?"

"Gati..."

"Nakuuliza mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipotukanwa. Ulisikia?"

Yule mzee aliyeimba kila aibu ya nchi hii bila kutetemeka, siku hiyo midomo ilimcheza. Leso ilianguka, tukauona mkono wake.

"Nilisikia," alisema.

Mtu nyuma yangu alisema "Mungu wangu", polepole, kama anajiambia mwenyewe.

"Nilisikia, nikajua ni ya nani. Lakini nyumba ni yangu, Gati. Wangesema petroli ni yangu. Mwaka jana ulimwona yule wa Mwisenge walivyomchukua. Nililala pale hospitali nikasema, wakisema ni jiko, ni ajali ya jiko tu, hakuna atakayefungwa. Nikasema yatapita."

"Hakuna atakayefungwa," Gati alirudia.

"Niliogopa."

"Kaka yako aliniita mchawi wa moto, wewe unaangalia ukuta. Kaka yangu mimi amenilaza stoo na mbuzi ili nisimchomee nyumba. Nimekuwa nakula ugali wa baridi miezi yote hii, naogopa kugusa kiberiti. Nawaza, niliweka mkaa vibaya? Nilisahau nini? Nimekuwa naota naua watoto wa watu." Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma mita ya maji. "Na wewe ulikuwa unajua."

Aligeuka akatoka. Kasmiri aliinuka amfuate, waliokuwa mbele wakamrudisha kitini. Nikamfuata mimi. Nilimkuta nyuma ya ukumbi anatapika, maji matupu, maana hakuwa amekula. Nilimshika paji la uso kama anavyoshikwa mtoto.

Tuliporudi mlangoni, ndani walikuwa wanabishana. Wengine walitaka vitu vyao. Wavuvi walisema samaki wao warudi, hawakuja kumchangia mwongo. Wengine walisema Kasmiri ameshaadhibiwa, ona mkono. Bernado alikuwa amekaa pembeni, uso kwenye viganja. Ndipo yule mama wa Iringo, mwenye bati la matundu, akapanda juu ya benchi.

"Mimi bati langu silirudishi," alisema. "Nimeng'oa kwa ajili ya mtu aliyeunguliwa. Nauliza tu, aliyeunguliwa ni nani? Sasa mmesikia. Basi ajengewe mama."

Abdulkadiri akasema, "Ajengewe mama." Kila mtu akawa anarudia kwa zamu yake, hakuna aliyepiga makofi.

Gati alikuwa amesimama karibu nami, anasikia. Walipomwita aingie akatikisa kichwa. "Nyumba nitaipokea," alisema akiwa pale pale kizingitini. "Sio hapa Nyasho. Bunda. Na mabati ya huyu mwanamume siyataki juu ya kichwa changu." Pastory alikuwa bado sakafuni. Katibu wa tawi alimwinua kwa mkono, akatoka naye kwenda kituo cha polisi, na pikapu ikabaki pale kwenye ngazi imejaa, hakuna mtoto aliyethubutu kuipanda.

Pastory alifungwa, lakini si muda mrefu. Alipotoka mambo yalikuwa yamebadilika, bidhaa zimejaa, kila mtu anauza anachotaka, na baada ya miaka kadhaa petroli yenyewe iliwekwa kwenye chupa kando ya barabara kama juisi, polisi anapita anasalimia. Pastory hakuishika tena. Aliuza pikapu akahamia visiwani. Watu waliomwona walisema amekuwa mtu wa kushtuka ovyo.

Nyumba ya Gati ilisimama Bunda, kwenye kiwanja alichokatiwa na kaka yake kwa aibu. Ilikuwa na mabati ya kila rangi na kila umri, mengine yana kutu, mengine yana matundu tuliyoyaziba kwa lami. Bernado alikwenda kufyatua matofali pale. Hakuna aliyemtuma. Siku ya kwanza Gati alimwacha afanye kazi hadi jioni bila kumpa maji. Siku ya pili akampa. Siku ya tatu Bernado alisema, "Asante, shemeji," na mimi niliyekuwepo nikajifanya nachambua mchele.

Kasmiri alibaki Musoma, chumba kimoja kwa Abdulkadiri. Alijifunza kupachika vifungo kwa mkono mmoja na nusu. Gitaa la Buhemba lilitundikwa ukutani miezi mingi. Alikuwa anakwenda Bunda siku za gulio, anakaa kwenye jiwe nje ya uwanja wa Gati, anasalimia, anarudi. Mvua zilipita hivyo. Niliwahi kumwuliza Gati, "Dada, utamfanya nini?" Akasema, "Sijui bado. Nikijua nitamwambia yeye kwanza."

Alimwambia mwaka themanini na saba. Sijui walizungumza nini. Nilichoona ni kwamba nilipokwenda msiba wa jirani yao, Kasmiri alikuwa ndani, anatenga chai. Gitaa alikuwa nalo. Vidole vyake viwili vilivyojikunja viliweza kugusa nyuzi mbili tu, basi akapiga hizo mbili, na katikati ya sauti moja na nyingine kulikuwa na nafasi kubwa ya mtu kufikiri. Wafiwa walimsikiliza mpaka akamaliza.

Nilimwuliza kwa nini hajatunga wimbo wa ule moto, yeye aliyetunga hata wa sukari. Alimtazama mkewe aliyekuwa anapita na sinia.

"Nilitunga," alisema. "Nilimwimbia yeye kwanza, hapa ndani. Akaniambia huo ni wake, usiupige tena popote."

"Ulikuwa mbaya?"

"Alisema ni mzuri," Kasmiri alijibu. Gati akaweka sinia, akatukaribisha tule kabla furu, wale samaki wadogo wa ziwani, hawajapoa.